Tupeane uzoefu: "Mimi ni wa iPhone, mimi ni wa Samsung", hadi ndani ya kanisa

Mwanzisha uzi, Mikindani
Bwana asifiwe wapendwa. Nawauliza Wakristo wa Mombasa na viunga vyake: kanisani kwenu mambo ya simu yamefika wapi? Kwetu kikundi cha vijana kimepasuka. Wenye iPhone wamefungua kikundi chao cha iMessage, ujumbe wa wenye vifaa vya Apple peke yao, ati picha za kwaya zikipitia WhatsApp zinafifia, wao watarushiana kwa AirDrop, nayo ni ya Apple kwa Apple. Wa Android wamebaki na matangazo ya zamani. Saa ya mazoezi ikibadilishwa, nusu ya sauti ya pili haina habari. Ukiuliza unajibiwa, "Si wanunue simu!"

Paulo aliwakemea Wakorintho kwa "Mimi ni wa Paulo, mimi ni wa Apolo", kisha akawauliza kama Kristo amegawanyika. Wale angalau walivutania walimu waliowalisha Neno. Sisi tunavutania kioo na betri. Leteni yenu. Hatutaji kanisa wala mtu kwa jina.

Mama wa Kisauni
Binti yangu yuko kidato cha tatu, anatumia Tecno aliyoachiwa na kakake. Kwenye kambi ya vijana walipangana kupiga picha. Akatoa simu awapige, mmoja akasema, "Hiyo weka, itatutoa kama mizuka." Wakacheka, mlezi wao naye akacheka. Tangu siku hiyo haitoi simu kanisani hata kusoma andiko, anabeba Biblia ya nyanyake. (Hilo la Biblia lilinifurahisha kidogo, sitadanganya.)

Yakobo sura ya pili anamtaja mtu aliyeingia na pete ya dhahabu akaambiwa, "Keti wewe hapa mahali pazuri," na maskini akaambiwa asimame pale. Siku hizi hakuna haja ya pete. Angalieni watu wanavyoshika simu wakati wa maombi: mgongo wake umegeuziwa watu ili lile tufaha la Apple lionekane, na kifuniko lazima kiwe cha kuonyesha ndani.

Fundi simu, Mwembe Tayari
Mie simu nazifungua kila siku, niulizeni mimi. Wateja wa Tecno na wa Infinix hurushiana maneno hapa kibandani kwangu, na hawajui kwamba Tecno, Infinix na itel zote ni za Transsion ya Shenzhen. Mnaowacheka wa Samsung, basi jueni kwamba Samsung ni kati ya wanaoiuzia Apple vioo vya iPhone. Na Google, wenye Android yao, mwaka 2022 waliilipa Apple dola bilioni 20 ili watu wakitafuta kitu mtandaoni kwa Safari, kivinjari cha iPhone, wapelekwe Google. Hilo lilijulikana kwenye kesi huko Marekani. Wenye mali wanakula sahani moja, nyinyi mnanuniana kwenye ushirika.

Habari njema ni moja. Tangu iPhone 15 ya mwaka 2023 chaja ni USB-C, kwa sababu Umoja wa Ulaya ulilazimisha kwa sheria. Sasa waya mmoja unachaji Samsung ya mama na iPhone ya mtoto. Ugomvi wa "nani ana chaja ya iPhone" unakufa, na haukuuawa na maombi.

Wa mitambo, Bamburi
Kwetu si simu, ni kompyuta. Maneno ya nyimbo tulikuwa tunayaonyesha kwa EasyWorship, ambayo hutumika kwenye Windows tu. Akaja ndugu mmoja na MacBook Air yake, kompyuta ya Apple, akasema Windows ni ya ofisi ya chifu. Haya, tukahamia kwake. Jumapili ya kwanza adapta ya HDMI imesahaulika nyumbani, na ile kompyuta haina tundu la waya wa projekta. Pambio la kufungua ibada likaimbwa ukuta ukiwa mweupe. Akina mama hawakutetereka, wanayajua kwa moyo. Waliotetereka ni sisi wa mitambo: wiki nzima ni mafumbo kwenye status, Mac hivi, Windows vile, na adapta yenyewe hakuna aliyeitaja.

Chuki hii ni kongwe. Agosti 1997 Steve Jobs wa Apple alitangaza Boston kwamba Microsoft, wenye Windows, inaweka dola milioni 150 ndani ya Apple. Sura ya Bill Gates wa Microsoft ilipotokea kwenye skrini kubwa, ukumbi ukazomea. Jobs mwenyewe ndiye aliyewaambia waache dhana kwamba ili Apple ishinde ni lazima Microsoft ishindwe.

Mkatoliki wa Tudor
Mwaka 1994 mwandishi Umberto Eco wa Italia aliandika kwa utani kwamba Macintosh, yaani Mac, ni Katoliki, na DOS, mfumo wa zamani wa Microsoft, ni Protestanti. Kwa hiyo wa Bamburi, karibuni nyumbani 😂

Mfanyabiashara, Nyali
Mbona wa iPhone ndio wabaya kila mara? Yangu nimeinunua kwa jasho langu, inanidumu, masasisho yanakuja miaka na miaka. Mhubiri mmoja alipiga mahubiri mazima juu ya "simu za laki moja" na macho yote yakanigeukia. Yeye kaja na gari kubwa, hakuna aliyemuuliza. Warumi 14 inasema alaye asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu alaye. Kuna kiburi pia cha "mimi sipotezi pesa kwa vitu vya dunia".

Mwanzisha uzi, Mikindani
Ndugu wa Nyali, hilo la mahubiri naungana nawe, ulionewa. Kununua si kesi. Kesi ni kikundi cha pembeni, mtu kukosa mazoezi kwa sababu ya aina ya simu. Nani amefanikiwa kulitatua?

Mzee wa kanisa, Likoni
Sisi matangazo yote ya kwaya yanatoka kwa SMS ya kawaida, maana tuna waimbaji wenye mulika mwizi. Picha kijana mmoja anazikusanya kwenye flashi, anayetaka anakuja nayo yake ofisini. Malalamiko hayaishi. Juzi binti wa sauti ya kwanza kaniambia SMS zangu zinatokea kijani kwenye iPhone yake, hazipendezi, je, siwezi kumtumia yeye kwa iMessage? Nikamwonyesha yangu. Ya vitufe.