Ndege ya bawa mbele inamaliza uwanja mzima ndo inyanyuke, kosa liko wapi?

kijana_wa_Cheyo:
Wakuu habari za humu. Niko Tabora, natengeneza simu na redio, ila ugonjwa wa ndege ninao tangu shule ya msingi. Nimeunda ya rimoti mwenyewe, ile staili ya kanadi, yaani kabawa kadogo kako mbele puani, bawa kubwa nyuma, na mota nayo iko nyuma inasukuma badala ya kuvuta. Bawa kubwa mita 1.8, la mbele sentimita 70, uzito na betri yake kilo 3.2. Nilichagua hii kwasababu nilisoma kwamba ndege ya kawaida mkia wake unakandamiza chini ili pua isidondoke, kwahiyo bawa linabeba ndege halafu linabeba na ule mkandamizo, wakati kanadi mabawa yote mawili yananyanyua, nikasema basi hii hewa haitaivuta nyuma sana, itakuwa nyepesi na kasi.

Sasa kinachonikuta. Rafiki yangu ana ya kawaida, mkia nyuma, uzito uleule, mota ileile, betri tunaazimana. Yake kwenye uwanja wa mpira inaanzia golini, ikifika duara la kati iko juu. Yangu inakimbia mpaka karibu na boksi la penati la upande wa pili, tairi la mbele limeng'ang'ania chini kama limegandishwa, halafu ghafla inaruka. Kutua nako ni balaa, inakuja mbio inapitiliza goli inaingia shamba la muhogo. Na nikipunguza mwendo ikiwa juu, pua inapanda inashuka inapanda inashuka, umeshaona mjusi kafiri akiwa ukutani anavyopiga pushapu? Ndo hivyohivyo. Juu kwenyewe sioni kama inampita mwenzangu kwa maana.

Ndoto yangu siku moja nijenge ya kukaa mtu kwahiyo nataka nielewe sio kubahatisha. Nimekosea hesabu au hii kitu ndo ilivyo?

mwisho_wa_reli:
Umetoa mkia nyuma umeuweka mbele halafu unashangaa inatembea kinyumenyume 😂 Pole mkuu, subiri wenye fani waje.

fundi_hanga:
Kijana hongera kwanza, kilo 3.2 na inaruka, wengi huwa zinaishia kwenye picha.

Huyo mjusi wako sio ugonjwa, ndo dawa yenyewe. Kanadi inapangwa kwa makusudi bawa la mbele listoli, yaani liishiwe nguvu ya kunyanyua, kabla ya lile kubwa. Ukipunguza mwendo na kuvuta stiki, la mbele linaishiwa nguvu, pua inadondoka kidogo, linashika upepo tena, pua inapanda, linaishiwa tena. Bawa kubwa muda wote huo linaendelea kubeba, ndege haijiangushi. Burt Rutan kule Marekani ndo aliyeipa umaarufu kwa watu wanaojijengea nyumbani, VariEze yake iliruka 1975 na Long-EZ 1979, na hilo la kutostoli bawa kubwa lilikuwa moja ya sababu kubwa. Ukitaka kwenda mbali zaidi hata ndege ya akina Wright ya 1903 ilikuwa na bawa la mbele, kwahiyo sio kitu kigeni.

Sasa bei yake. Kama bawa kubwa haliruhusiwi kustoli, maana yake halifiki hata siku moja mwisho wa uwezo wake. Chukulia mkokoteni una ng'ombe wawili, dume kubwa na ndama, umeweka sharti ndama akichoka wote wanasimama. Dume bado ana nguvu lakini hazikusaidii. Kwahiyo inabidi mwendo wa kuruka na kutua uwe mkubwa, au utengeneze bawa kubwa kuliko la mwenzako, na bawa likiwa kubwa kuna ngozi nyingi zaidi inayokwaruzana na hewa, muda wote, hata ukiwa unatembea kasi na hulihitaji. Flapu nazo usahau, vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa ili ndege iruke na kutua polepole, ukishusha flapu kwenye bawa la nyuma pua inasukumwa chini na kabawa ka mbele hakana ubavu wa kuishikilia. Long-EZ haina flapu, ina kibao tu cha breki kinachofunguka chini ya tumbo.

Na ile hadithi ya "mabawa yote yananyanyua" ni kweli nusu. Bawa la mbele linabeba uzito mkubwa kwa kila kipande chake kuliko la nyuma, halafu ni fupi, na bawa fupi lililobebeshwa sana linalipa ushuru mkubwa wa kunyanyua, ile hewa inayozunguka nchani. Juu ya hapo hewa iliyosukumwa chini na la mbele ndo hiyohiyo inakuja kukutana na sehemu ya kati ya bawa la nyuma. Ulichookoa mkiani unakirudisha hapo, wakati mwingine na riba.

Sasa utauliza mbona Long-EZ ina injini ya hospawa 115 tu na inakwenda karibu kilomita 300 kwa saa. Sio uchawi wa bawa la mbele. Watu wanakaa mmoja nyuma ya mwenzake kwahiyo kifua ni chembamba, tairi la mbele linakunjwa ndani, hakuna nguzo za kushikilia mabawa, na ngozi yake ni faiba laini kama sahani. Mwili huohuo ukiuwekea mkia nyuma bado ungekimbia.

Nijibu vitatu. Balansi ya uzito, pale ndege inapolala sawa ukiinyanyua, iko wapi ukilinganisha na ilipopangwa kwenye plani (mchoro)? Tairi za nyuma ziko umbali gani nyuma ya hiyo balansi? Na mota iko juu kiasi gani?

faiba_kibirizi:
Mimi ni wa Kigoma, natengeneza maboti hapa Kibirizi, ndege najua za kuangalia tu zikipita juu ya ziwa. Ila nauliza bawa umelifanyia nini, maana umesema ngozi na hapo ndo kwangu.

kijana_wa_Cheyo:
@fundi_hanga nimepima sasa hivi, balansi iko mbele ya plani kwa sentimita 4, niliogopa nikasogeza betri mbele kabisa. Tairi za nyuma ziko sentimita 14 nyuma ya balansi, niliziweka huko isije ikakaa kitako. Mota iko juu ya mgongo kwenye kimnara ili pangaboi lisiguse chini.

@faiba_kibirizi bawa la kwanza usinikumbushe. Nilikata lile povu jeupe gumu linalokuja kwenye boksi la tv, nikakata kwa waya wa moto na betri ya pikipiki likatoka safiii, nikaenda kununua faiba na ile dawa ya maboti, nikapaka. Dakika chache nikaona bawa linazama katikati, likayeyuka kama sukari kwenye chai, nikabaki na ganda la faiba na harufu. La pili nikafunika kwa karatasi ya kaki na gundi ya mbao, juu plasta ya nailoni.

faiba_kibirizi:
Hahaha nilijua tu. Hiyo dawa ya maboti ni poliesta, ndani ina kitu kinachokula hilo povu jeupe. Sisi kwenye boti tunapaka kwenye mbao au kwenye moldi ndo maana haitusumbui. Wewe unatakiwa epoksi, ile ya mikebe miwili unachanganya kwa kipimo, haili povu. Ni bei kweli lakini bawa moja halili nyingi, na usiimwage, ikamulie na kadi ya simu mpaka nyuzi zionekane, ikibaki inang'aa kama asali ujue umeongeza uzito bure.

Kingine nasema kwa uzoefu wa maji. Boti likiwa na msumari mmoja umejitokeza chini au rangi imebanduka, mwenye boti anakuja kulalamika mafuta yanaisha kabla hajafika anakokwenda, unalipiga msasa tu linarudi. Hewa sidhani kama ina huruma kuliko maji. Tuma picha ya miguu ya tairi na ile mianya ya vipande vinavyochezacheza.

kijana_wa_Cheyo:
Miguu ni chuma cha duara cha milimita 5, tairi za gari la mtoto ziko wazi. Mianya inaingia kidole. Na chini ya tumbo nimetoboa tundu kama kiberiti kupooza kompyuta ya mota.

fundi_hanga:
Hapo sasa ndo tunaongea. Umebishana na mkia wa mwenzako wakati mwizi yuko miguuni. Chuma cha duara hewani ni kitu kibaya sana, ukikifunika kikawa na umbo la tone, mviringo mbele na ncha nyuma, unene uleule, ukinzani wa hewa unaweza kushuka mara kumi hivi. Chukua povu, kata umbo, bandika nyuma ya chuma, funga na seloteipu. Mianya ya bawa la mbele ziba kwa utepe laini upande wa juu, hapo hewa inavuja kutoka chini kwenda juu na kabawa kako kanapoteza nguvu za kunyanyua pua. Tundu la tumbo sio baya, ila hewa ikiingia lazima iwe na pa kutokea nyuma, la sivyo umebeba parachuti.

Na kumbuka ukinzani wa aina hii ukiongeza mwendo mara mbili unakua mara nne, na nguvu ya mota unayohitaji mara nane. Ndo maana juu humpiti mwenzako.

Tairi la mbele kung'ang'ania nakupa sababu tatu na zote umezitaja mwenyewe. Balansi iko mbele sana, kwahiyo kabawa kanabeba mzigo usio wake. Mota iko juu, ikisukuma inakandamiza pua. Na tairi za nyuma ziko mbali na balansi, kwahiyo kunyanyua pua ni sawa na kunyanyua gogo kwa kushika karibu na kisigino chake. Zilete mpaka sentimita 6 au 7. Itataka kukaa kitako ikiwa haina betri, sio aibu, Long-EZ zenyewe rubani akishuka wanaikunja tairi la mbele wanaiinamisha pua chini ili isianguke kinyumenyume.

Balansi irudishe NYUMA POLEPOLE, sentimita moja, unarusha, sentimita moja, unarusha. Usipitilize plani hata kidogo. Balansi ikiwa nyuma mno, la mbele halistoli tena kwanza, linastoli bawa kubwa, pua inabaki juu na ndege inashuka bapa kama chapati na stiki haifanyi kitu. Kwenye modeli unalia hasara, kwenye ya mtu ni msiba.

mwl_fizikia_TBR:
Niongezee kidogo maana niko hapahapa mjini. Tabora tuko kama mita 1,200 juu ya bahari. Hewa ya mchana wa joto hapa ni nyepesi kwa karibu asilimia 13 kuliko ya Dar kwenye joto lilelile. Bawa linahitaji mwendo zaidi ili libebe uzito uleule, na pangaboi nalo linashika hewa kidogo, kwahiyo unaliwa pande mbili. Rusha asubuhi saa kumi na mbili na nusu, hewa ikiwa bado ya baridi na nzito, utaona tofauti bila kubadilisha kitu. Halafu ukae mbali na uwanja wa ndege na uulizie kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, usije ukaitwa jasusi.

mwisho_wa_reli:
Swali la kijinga, kama inabania hivyo mbona ile iliyozunguka dunia bila kujaza mafuta ilikuwa na bawa mbele?

fundi_hanga:
Sio la kijinga. Voyager, Disemba 1986, siku tisa angani, nayo ni ya Rutan. Lakini angalia bawa lake kubwa, karibu mita 34 na jembamba kama rula, hilo ndo lililoikoa na ushuru wa kunyanyua. Na unajua ilikimbia umbali gani kabla ya kuruka? Zaidi ya kilomita 4 za lami, ncha za mabawa zikiburuzika chini kwa uzito wa mafuta. Kijana ana goli mpaka goli.

Ndo maana ile ndoto ya kukaa mtu nakushauri anza na uwanja, ndege baadaye. Kanadi inataka lami ndefu na safi. Pangaboi liko nyuma ya tairi, kila kokoto inayorushwa inalikuta. Kwa viwanja vyetu vya changarawe mimi binafsi ningejenga mkia nyuma na pangaboi mbele nikalala usingizi. Na mvua pia, Long-EZ za mwanzo bawa la mbele likilowa lilikuwa linapoteza nguvu pua inashuka, rubani anavuta stiki safari nzima, mpaka likachorwa umbo jipya la bawa hilo. Wadudu nao ni hivyohivyo, msimu wa kumbikumbi lifute kila ukitua.

kijana_wa_Cheyo:
Wakuu nimerudi, wiki mbili sijalala vizuri. Miguu nimeivalisha povu, mianya nimeziba, tairi za nyuma sasa ziko sentimita 7, balansi nimerudisha sentimita 3 nikaishia hapo, ile moja imebaki kwa ajili ya woga. Nimerusha asubuhi kama mwalimu alivyosema. Imenyanyuka hatua nne baada ya duara la kati! Mwenzangu bado ananizidi hapo ila juu leo nimempita mara mbili akabaki anasema betri yake haikujaa.

Epoksi imeagizwa. Pangaboi limeshaliwa na kokoto, kipande cha ukucha kimetoka nchani, linatetemeka, nimepunguza na upande wa pili kwa msasa mpaka liwe sawa.

Kutua ndo bado kulekule, mbio mpaka muhogoni. Leo mama mwenye shamba nimemkuta kaleta kabisa kigoda kakaa nyuma ya goli ananisubiri.