Mawe ya Mazeras yanabanduka kwenye ukuta wa paneli

Hamjambo wanakikundi, naombeni ushauri. Nyumba yangu ya Kitengela ni ya paneli: polistirini (povu gumu jepesi la plastiki) katikati, wavu wa waya na plasta ya simiti pande zote mbili. Fundi alibandika mawe ya Mazeras (vipande bapa vya mawe ya kupamba ukuta) ukuta wa mbele, unene kama milimita 25, kwa simiti na mchanga tu. Mvua ya juzi imeangusha matano. Nimegeuza moja: mgongoni hakuna hata chembe ya simiti, vumbi jekundu tupu! Tumeparuza plasta kwa patasi na kuilowesha, wapi. Sasa anataka kupigilia misumari ya zege. Naogopa maji yatafuata matundu hayo hadi ndani.

Je, gundi ya vigae pekee itabeba uzito huo, au nifunge wavu mwingine kwanza? Na yaliyobaki juu ya mlango, niyabomoe?