Chuo kinatoza karo ya maabara, maabara yenyewe iko Marekani na ni ya bure. Nimechoka!

Wadau, salamu. Nafundisha mitandao ya kompyuta katika chuo kimoja hapa Nairobi. Nalipwa kwa saa, na malipo yenyewe huja yakitaka. Jina la chuo silitaji, nina kodi ya nyumba ya kulipa. Lakini haya yamenifika kooni, na kwa kuwa juzi nimeitwa ofisini kuambiwa wanafunzi "hawaridhiki na vipindi vya vitendo", leo nasema yote.

Fungua ankara ya karo ya mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Kuna mstari umeandikwa "matumizi ya maabara". Kila muhula upo. Sasa nenda ukaitafute hiyo maabara. Chumba kilikuwepo, ghorofa ya chini, karibu na ngazi. Kulikuwa na kabati la swichi (vifaa vya kuunganisha kompyuta), ruta (vifaa vya kuelekeza data kati ya mitandao) kuukuu za Cisco tulizopewa na kampuni iliyokuwa inahama ofisi, na kompyuta za mezani ambazo zilichelewa kuwaka lakini ziliwaka. Leo ni ukumbi wa mikutano. Viti bado vina nailoni. Ruta ziko stoo nyuma ya jikoni pamoja na madawati yaliyovunjika miguu, na nikiomba hata mbili za kuonyesha darasani naambiwa nijaze fomu ambayo hakuna anayejua huidhinishwa na nani.

Sababu tuliyopewa ni kwamba siku hizi "kila kitu kiko mtandaoni". Kuna mkubwa alikwenda semina, akasikia kwamba Marekani kuna viwanja vya majaribio ya mitandao ambavyo mtu yeyote wa chuo anaweza kuomba akavitumia bila kulipa hata senti. Akarudi amefurahi. Maabara ikavunjwa, mimi nikaambiwa nifundishie huko. Mstari kwenye ankara haukuguswa. Ni sawa na kumtuma mtoto akale kwa jirani kila siku, halafu jioni unamdai mtoto huyo pesa ya chakula.

Niwe wazi kabla mtu hajanirukia: hao wenye uwanja wa majaribio sina ugomvi nao. Ni kitu kizuri sana. Unachora mtandao wako kwenye kivinjari, mashine tatu, nne, ruta katikati, unabonyeza, na baada ya dakika kadhaa unapewa mashine, halisi au pepe (iliyoundwa kwa programu ndani ya mashine nyingine), kwenye chumba cha seva ng'ambo, na wewe ndiye msimamizi wake. Unaweza kuharibu utakavyo. Mwanafunzi wa Nairobi anayegusa ruta kwa mara ya kwanza akiwa na mamlaka kamili juu yake, hilo si jambo dogo. Wamarekani wamefanya kazi hii miaka mingi. Emulab ya Chuo Kikuu cha Utah ilianza karibu mwaka 2000, PlanetLab ikaja 2002, GENI ikafuata kwa pesa za NSF, shirika la serikali ya Marekani linalofadhili sayansi, na CloudLab 2014. Hisani yao naishukuru. Ninachokataa ni chuo kinachojengea kozi nzima juu ya hisani ya watu wengine bila hata kuwauliza.

Kwa sababu vitu hivi huishi kwa ruzuku, na ruzuku huisha. PlanetLab ilizimwa 2020. GENI ikafungwa 2023. Na mnajua mwongozo wetu wa kozi unasemaje mpaka leo? Unamwelekeza mwanafunzi afungue akaunti GENI! Nimeandika barua kuomba ubadilishwe. Nikajibiwa kwamba mwongozo huo uliidhinishwa na hauwezi kuguswa hadi mapitio yajayo. Kwa hiyo mwanafunzi anayesoma mwongozo rasmi anapelekwa kwenye kitu ambacho hakipo.

Haya, twende kwenye vipindi vyenyewe.

Fayawoli kwanza, yaani kizuizi kinachochuja mawasiliano ya mtandao wa chuo. Ili uingie kwenye zile mashine unatumia SSH, njia salama ya kuendesha kompyuta ya mbali kwa kuandika amri. Kwa kawaida SSH hupita poti 22, poti ikiwa ni kama mlango wenye namba kwenye kompyuta. Lakini anwani za IPv4, zile za kawaida za intaneti, ni adimu, kwa hiyo mashine pepe nyingi hukaa nyuma ya anwani moja, na kila moja hupewa poti yake ya juu, namba za makumi ya maelfu huko. Mtandao wa chuo chetu unaruhusu kutoka kwa poti 80 na 443 tu, zile za kurasa za wavuti, basi. Maana yake, mwanafunzi aliyeketi ndani ya chuo kinachofundisha mitandao, akitumia waifai ya chuo hicho, hawezi kufikia zana ya somo la mitandao. Nimekwenda ofisi ya TEHAMA kuwaeleza. Wakasema ni usalama. Nikawauliza usalama dhidi ya nini, maana poti hizo ni za kutoka, si za kuingia. Wakasema nilete barua kutoka kwa mkuu wa kitivo. Mkuu wa kitivo akasema hilo ni jambo la TEHAMA. Mpaka leo hiyo barua inazunguka.

Sasa wanafunzi wanafanyaje? Wanawasha bando za simu zao. Mwanafunzi aliyelipa karo ya maabara, analipa bando, afanye maabara. Wawili watatu wenye bando wanakuwa ndio waifai ya darasa zima, na wale ambao wiki hiyo mfuko umekauka wanakaa nyuma wakichungulia skrini ya mwenzao. Halafu mimi natakiwa nimpe kila mmoja alama yake mwenyewe ya vitendo.

Lingine ni umbali. Wakubwa wetu hudhani "mtandaoni" maana yake ni hapo hapo. Mwanga ndani ya kebo ya nyuzi hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Nairobi unashuka Mombasa, unaingia baharini, unapita Bahari Nyekundu, Ulaya, unavuka Atlantiki, kisha uivuke Marekani yenyewe. Kwenda na kurudi huwezi kushuka sana chini ya sehemu ya tano ya sekunde, hata laini iwe nzuri namna gani, na kwa kawaida ni zaidi. Kila herufi unayoandika inakwenda huko na kurudi kabla hujaiona. Kwa mtu mzoefu inavumilika. Kwa mwanafunzi anayeandika amri ya ruta kwa mara ya kwanza, anabonyeza, haoni kitu, anabonyeza tena, na tena, kisha herufi zote zinamwagika kwa pamoja na amefuta anwani ya intafesi (mlango wa mtandao) aliyoingilia. Mashine imejifungia nje. Anza upya. Na hiyo ni siku njema. Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilipokatika kusini huko, Afrika Mashariki nzima ilitambaa. Siku kama hizo somo langu halipo.

(Ndiyo, najua, ucheleweshaji huo nao ni somo. Nimewafundisha traceroute, amri inayoonyesha njia ambayo data inapita, kwa kuutumia, na walielewa kuliko kwa slaidi yoyote. Lakini huwezi kufanya kila kasoro kuwa mfano wa darasani.)

La funguo nalo lina vituko vyake. Uwanja ule hautumii nenosiri, unatumia jozi ya funguo: ule wa wazi unaupeleka kwao, wa siri unabaki kwako. Nimeeleza, nimechora ubaoni, nimerudia. Jioni hiyo hiyo mwanafunzi akauweka ufunguo wake wa siri kwenye kundi la WhatsApp la darasa akiuliza "ni hii, mwalimu?". Watatu wakaunakili wakautumia. Nilicheka, kisha nikakumbuka kwamba kiongozi wa mradi ni mimi, na wakifanya upuuzi kwenye mashine za watu ni mimi nitakayeandikiwa.

Na sasa lile lililoniudhi kuliko yote.

Mashine za kule ni za kushirikiana. Kuna watafiti wa dunia nzima wanazitaka. Mwishoni mwa Januari, watu wakikimbizana na tarehe ya kutuma makala za SIGCOMM, mkutano mkubwa wa watafiti wa mitandao, unaweza kufungua ukurasa ukakuta hakuna mashine iliyo wazi. Huo ndio wakati muhula wetu unaanza. Dawa yake ipo: unahifadhi mashine mapema, unasema tarehe na saa, unaeleza ni za darasa, wanakukubalia. Nikafanya hivyo. Nikaandika maelezo marefu, nikahesabu mashine kwa makundi ya wanafunzi wanne wanne, wakanikubalia bila matata, watu ambao hawanijui wala hawajui chuo changu kiko wapi. Jumatano, saa mbili asubuhi hadi saa tano.

Jumanne usiku ofisi ya ratiba ikatuma ujumbe: chumba kinahitajika kwa shughuli ya wageni, kipindi kimehamishiwa Ijumaa mchana. Hawakuniuliza. Ningewauliza wenye mashine wanisogezee? Tukiwa kwenye kipindi cha asubuhi kule ni usiku, watu wamelala. Jumatano mashine zilikaa bure zikitusubiri sisi huku watafiti wengine wakizitaka. Ijumaa tukaingia tukakuta zimejaa. Wanafunzi zaidi ya 100 wakanitazama. Nikachukua chaki.

Ndicho kipindi ambacho wanafunzi "hawakuridhika nacho". Wana haki! Hata mimi sikuridhika.

Na wanafunzi, kwa vile mko humu, yenu nayo ni haya. Jaribio lina muda wake. Muda ukiisha mashine inarudishwa na diski inafutwa. Nimesema muhifadhi faili zenu kabla hamjalala. Mnaanza asubuhi, mnaacha, mnasubiri bando ya usiku iwe nafuu, mkirudi kazi imeyeyuka, mnaniandikia saa saba za usiku kwa herufi kubwa. Na wengine wenu mnashikilia mashine ambazo hamzitumii, mmeomba muda uongezwe kwa sababu "ya utafiti", kumbe mmekwenda kwa mechi. Mwenzako wa kundi la pili anakosa. Hilo si la chuo wala la Wamarekani, ni lenu.

Sasa kuna watakaoniambia nitumie Mininet. Naijua, iko tangu 2010, inaunda mtandao mzima ndani ya Linux moja, swichi na kompyuta za bandia, haihitaji hata intaneti. Kwa somo la shahada ya kwanza inatosha kabisa. Zoezi ninalolipenda ni hili: mtumaji, ruta, mpokeaji, unaibana laini ya katikati ibaki na megabiti 1 kwa sekunde, unawasha iperf (programu ya kupima kasi), unachora dirisha la msongamano la TCP, yaani kiasi cha data ambacho mtumaji anajiruhusu kutuma kabla ya kupata jibu. Kwa Reno, mtindo mmoja wa zamani wa TCP, linapanda taratibu, pakiti zinadondoka, linashuka nusu, linapanda tena. Ukiwaonyesha hilo ndipo unawasimulia 1986, jinsi laini kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha Berkeley, sehemu mbili zilizo karibu kabisa, ilivyoporomoka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40 kwa sababu kila mashine ilikuwa ikituma tena na tena bila kujizuia. Mwanafunzi aliyeuona mchoro kwanza anaielewa hadithi hiyo papo hapo. Mininet inaweza yote hayo.

Lakini Mininet inataka kompyuta. Nusu ya darasa langu haina laptopu, na waliobaki wengi wana zile ambazo kivinjari kikifunguka feni inalia. Kwa hiyo tunarudi pale pale: chumba, umeme, kompyuta za mezani kumi au kumi na tano. Luthuli na Moi Avenue zimejaa eksi-UK, kompyuta za mitumba. Ongeza ruta chache za MikroTik, zile zile ambazo vijana wa Pipeline na Kayole wanasambazia intaneti ya mtaani, wakipanda kwenye paa na kebo begani. Vijana hao hawajakaa kwa darasa langu, na wengi wao wangewafundisha wahitimu wetu kugawa kasi ya laini kati ya wapangaji hamsini. Chuo kinatoa vyeti, mtaa unatoa mafundi. Aibu ni ya nani?

Ule uwanja wa Marekani ungebaki kwa wale wa mwaka wa mwisho wenye miradi inayouhitaji kweli, wanaotaka mashine nyingi na laini za kasi ambazo hapa hatutazipata. Wachache, wanaojua wanachofanya. Hapo ndipo ungetufaa, na tusingekuwa mzigo kwa mtu.

Nimeuliza kwa maandishi mara zaidi ya moja: pesa za mstari ule wa ankara huenda wapi? Wakati mmoja nilijibiwa kwa mdomo, kwenye korido, kwamba zinasaidia "miundombinu kwa ujumla". Miundombinu ipi? Ile yenye viti vya nailoni?

Wazazi mnaolipa, ulizeni. Nyinyi mna sauti kuliko mhadhiri wa kulipwa kwa saa. Na kama kuna mtu humu ofisi yake inabadilisha kompyuta, za zamani msizipeleke kwa wauza vyuma. Niandikieni hapa chini, nitazifuata mwenyewe hata kama ni Ruiru. Mahali pa kuziweka nitapambana napo, kuna kijichumba cha mlinzi kina soketi mbili na mlinzi hana neno.