Kuna mtu katoboa bawa langu kwa KIDOLE halafu anacheka

Wakuu siwasalimii, nimechafukwa. Yule mzee wa uwanjani mnamjua wote, yule wa "mimi nimerusha ndege hamjazaliwa", leo kaja nilipoweka ndege yangu ya modeli, kaizunguka, kisha mbele ya watoto wa watu anauliza "kijana, mbona umeivalisha shumizi?" halafu kidole hicho, PAA! Kwenye hariri!

Mnajua kazi ya kuvalisha bawa hariri nyie? Kitambaa unakilowanisha, unakilaza juu ya balsa (ule mti mwepesi wa fremu), unakivuta taratibu kutoka katikati kwenda kwenye ncha, dopu (ile vanishi ya kukaza kitambaa) unaanzia ukingoni ndo unarudi bawa zima, mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kila ikikauka inakaza kitambaa kwahiyo bawa lazima ulibane ubaoni lisije kupinda. Bado hujachanganya dopu na poda ya mtoto kuziba vitundu vya nyuzi, bado msasa namba 400, nyumba inanuka thina mpaka paka wa jirani kahama mtaa. Na kwa unyevu huu wa Dar ukipaka kuna wingu rangi inapauka nyeupe pee, maana thina ikiruka inapooza bawa na maji ya hewani yanatua humo humo. Nikavumilia. Nikaligonga, linalia ngoma kabisa.

Mtu anatoka kula chipsi mayai, kucha ina mafuta, PAA.

Eti "nilikuwa naangalia kama imekaza". Si imekaza ndo maana imelia paa we mzee!!

Kunguru_Mweusi: Bila picha hii ni chai.

mama_propela: Shumizi 😂😂😂 nimeishia hapo. Rangi gani kwani mkuu?

Mleta uzi: Pinki ya kufifia, lakini hiyo sio hoja, hoja ni KIDOLE

mama_propela: Basi mzee hana kosa 😂

Fundi Msasa: Hariri iliyoshiba dopu haitobolewi na kidole kizembe hivyo. Uliipunja. Kata kiraka, paka dopu, lala.

Kunguru_Mweusi: Afadhali kidole. Mimi niliuziwa dopu ya nitrati, isiyohimili mafuta ya injini, naambiwa ni butireti inayohimili, nikafunga injini ya gloo inayotumia methanoli, methanoli ikamwagikia ubavuni, rangi ikawa uji. Muuzaji simu hapokei, na humu ndani yumo anasoma.

Fundi Msasa: Huyo huyo thina yake imechakachuliwa, ukichanganya tu dopu inakatika mabonge mabonge.

baba_J: Ndo maana mi niliacha hariri nikahamia filamu ya pasi, ile plastiki unayoibandika bawani kwa pasi ya moto. Shida nikaazima pasi ya wife, filamu ikagandia chini, asubuhi blauzi yake ya kazini ikatoka na mstari mwekundu mgongoni. Nipo sebuleni mpaka sasa.

Mleta uzi: Jamani mbona mnahama mada, bawa langu lina tundu

mama_propela: @baba_J pasi gani, ya mvuke?

baba_J: Kavu. Na nyingine natafuta, mwenye nayo aje PM, bei isiwe ya Kariakoo.