Majirani wa Nyegezi, Mwanza: wakwe wanakuja, tuwapeleke wapi wakale samaki?

*Alhamisi jioni*

Neema: Majirani hamjambo. Wakubwa shikamooni. Kesho usiku napokea wakwe kutoka Dodoma. Jumla tutakuwa wanane, wawili ni watoto wadogo. Jumamosi nataka niwatoe wakale samaki wa ziwani. Naombeni mahali pa kula kweli, si pa kupigia picha.

Mzee Masanja: Marahaba mwanangu. Kabla hujauliza wapi, sema saa ngapi.

Neema: Saa saba, saa nane mchana.

Mzee Masanja: Hapo umeshachagua nusu. Nyavu za sato zinategwa jioni, zinavutwa alfajiri. Mpika chakula aliyewahi mwaloni, samaki wanakoshushwa, saa kumi na mbili ana samaki wa siku hiyo mpaka mchana. Ikifika saa tatu usiku samaki huyohuyo ameshakaa kutwa nzima. Kama palikuwa na barafu ya kutosha, sawa. Kama haikuwepo, ndiyo unaona pilipili na vitunguu saumu vimezidi. Samaki mle mchana, usiku mle nyama choma.

Mama Yunis: Mbona kumbi za ufukweni zinajaa usiku, na watu wanakula samaki?

Rehema: Wapo wanaotunza vizuri, Mama Yunis. Neno lako la kwanza ukifika liwe "naomba niwaone." Wakikuletea sinia la wabichi uchague, kaa kitako. Wakikuambia "wapo jikoni, wewe subiri tu", agiza chipsi mayai.

Doto: 😂😂 chipsi mayai haijawahi kumwangusha mtu

Neema: Nikiletewa sinia naangalia nini sasa? Dada Rehema nifundishe, nisije nikachekwa na mama mkwe.

Rehema: Funua shavu. Ndani pawe pekundu na pana ute mwepesi. Pakiwa pa kahawia au pamepauka, rudisha. Bonyeza nyama ya mgongoni kwa kidole, shimo lirudi lenyewe. Tumbo likilegea au limepasuka upande, huyo amekaa na matumbo yake juani. Nusa: harufu iwe ya ziwa, isiwe kali.

Baba Kulwa: Jicho lisikudanganye. Watu wanasema jicho likiwa na ukungu samaki kaoza. Barafu ikiligusa jicho moja kwa moja linapata ukungu hata kama samaki ni wa alfajiri hiyo. Shavu ndilo linasema ukweli.

Rehema: Kweli kabisa. Na wengine wanamwagia samaki maji kila dakika ili ang'ae. Kung'aa si upya.

Neema: Sawa. Na hawa sato wa vizimba, wanaofugwa ziwani, je? Nasikia wamejaa sokoni.

Baba Kulwa: Wamejaa na si wabaya. Utawajua kwa kulingana: sinia zima wana kimo kimoja, wanene tumboni. Wa kutegwa ziwani anakuja mkubwa kwa mdogo. Wa kizimba ana mafuta zaidi, kwa hiyo kwenye moto wa mkaa anavumilia, hakauki haraka. Wa kutegwa nyama yake imekaza, mtamu kwa kuchemsha. Wa kumwogopa ni wa bwawa lililotuama, huyo ana ladha ya tope, na ndimu inaipunguza tu.

Mama Yunis: Samahani natoka nje ya mada, nani ana ufunguo wa geti la chini? Fundi amekwama nje.

Doto: Ninao mama, nakuja.

Mzee Masanja: Neema, hao watoto wana umri gani?

Neema: Miaka mitatu na mitano.

Mzee Masanja: Usiwape sato. Wape sangara. Mwiba wa sangara ni mkubwa, unaonekana, unautoa na kuuweka pembeni. Sato ana vijiba vyembamba karibu na mbavu na nyuma ya kichwa. Agiza kipande cha sangara cha katikati ya mgongo, si cha tumboni, tumbo lina mafuta mengi na litawachafua matumbo.

Baba Kulwa: Na muulize mpishi sangara wake amekuja mzima au minofu iliyogandishwa. Mnofu ulioganda ukiyeyushwa haraka kwa maji ya moto unamwaga maji kwenye kikaango, mafuta yanapoa, nyama inakatikakatika. Ukiletewa sangara kama makapi na rangi nyeupe isiyo na ukoko, sababu ni hiyo.

Mzee Masanja: Halafu wakikuletea kisangara cha mkono mmoja, mzima kwenye sahani, kataa. Sheria inakataza kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50, na sato chini ya 25. Mwenye hoteli anayenunua vile vidogo anajua ananunua nini.

Neema: Nimeandika. Sasa wa kukaanga au wa kuchoma?

Rehema: Umegusa vita sasa.

Baba Kulwa: Hakuna vita. Sato wa mchana, kuchoma.

Rehema: Kuchoma kama mchomaji anajua. Wengi hawajui. Neema, nenda kaangalie jiko lenyewe, usione aibu. Mkaa uwe umeshavaa majivu meupe, hakuna ndimi za moto. Ukiona miali inaruka kila tone la mafuta likidondoka, samaki ataungua ngozi na mfupani atabaki mbichi. Wavu ukae juu ya mkaa kiasi cha shibiri moja. Samaki awe amechanjwa mara tatu kila upande, mpaka kugusa mfupa, maana moto haufiki ndani bila njia. Sato wa nusu kilo mpaka robo tatu anataka dakika 20 hadi 25, anageuzwa mara moja, ikizidi sana mbili. Anayegeuzageuza anaacha ngozi yote kwenye wavu.

Baba Kulwa: Ongeza ndimu.

Rehema: Ndimu mwisho!

Baba Kulwa: Ndimu mwanzo, inakata shombo.

Rehema: Inakata shombo na inakata nyama pia. Ukimlaza samaki kwenye ndimu kwa saa mbili, nyama inageuka nyeupe kabla ya moto, ikienda jikoni inakuwa ungaunga. Chumvi, tangawizi na kitunguu saumu vinaweza kutangulia nusu saa. Ndimu dakika kumi kabla ya moto, au mezani.

Mzee Masanja: Rehema ana haki. Kulwa, baba yako alikuwa hatii ndimu kabisa.

Baba Kulwa: Mzee umeleta ukoo sasa 😅

Doto: Na wale wa kufunga kwenye karatasi ya fedha (foili)? Wanaandika "sato wa kuchoma" kwenye ubao.

Rehema: Huyo amepikwa kwa mvuke wake, hajachomwa. Mtamu, ana mchuzi, mboga zinaiva humohumo. Lakini ngozi inakuwa laini na hana harufu ya moshi. Mkwe akitaka moshi, sema wazi "juu ya wavu, bila karatasi".

Neema: Na wa kukaanga namjuaje kama amekaangwa leo?

Rehema: Hesabu dakika. Samaki mzima mbichi hawezi kutoka jikoni chini ya dakika 15: kufuta maji, kusubiri mafuta yapate moto, halafu dakika tano sita kila upande. Ukiletewa ndani ya dakika saba, alikaangwa asubuhi akarudishwa kwenye mafuta. Ukoko unakuwa mgumu, ndani nyama imekauka na inashikana na mwiba. Halafu tazama mkia. Mkia wa mafuta safi ni wa dhahabu, unaulamba wote. Mkia mweusi wenye uchungu ni mafuta ya wiki nzima.

Mama Yunis: Kwa hiyo kuchelewa kwa chakula ni dalili njema. Watu wa Dodoma watatuelewa kweli?

Rehema: Ndiyo maana unapiga simu asubuhi. Unasema idadi, namna ya kupika, na saa mtakayokaa mezani. Na ugali wasiusonge mpaka samaki wageuzwe upande wa pili. Ugali wa muhogo hasa, ukipoa unavutika kama mpira.

*Ijumaa asubuhi*

Neema: Mwangaluka wote. Kumezuka mambo mawili. Shemeji mmoja karanga zinamdhuru vibaya, anavimba koo. Na baba mkwe ni Mwislamu, anauliza kuhusu kitimoto.

Mama Yunis: La karanga lisemwe kwenye simu, lisemwe tena mezani, kwa mpishi mwenyewe, si kwa anayebeba sahani. Huku kwetu karanga zipo hata usipoziona. Mchicha, kisamvu, nsansa (mboga za majani zilizokaushwa), vyote huungwa kwa karanga za kusaga. Mwiko uliokoroga nsansa ukiingia kwenye mchicha wake, tayari. Mwombeeni mboga kwenye sufuria yake, au kachumbari tu.

Rehema: Na kitimoto: usiulize "mnapika kitimoto?", uliza "wavu wa samaki ni huohuo?". Kuna mahali wana majiko mawili kabisa, na kuna mahali wanafuta wavu kwa nusu ya kitunguu wakadhani wameutoharisha. Kama wanapika vyote, nenda kwingine tu, mji huu hauna uhaba.

Doto: Wakwe wanapenda dagaa? Wabichi wa kukaanga, na pilipili ya kuponda...

Mzee Masanja: Tazama juu usiku wa leo. Mwezi umejaa. Dagaa huvuliwa kwa taa, wanaifuata taa gizani. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina kazi na mitumbwi mingi inalala nchi kavu. Atakayekuuzia "dagaa wabichi" Jumamosi hii, wana siku kadhaa. Kula wakavu, waliokaushwa kwenye chanja au wavu, si mchangani.

Doto: Nimekata tamaa.

Mzee Masanja: Subiri giza lirudi, kijana.

Neema: Basi sasa mniambie mahali, maana nimepata elimu lakini sina pa kwenda 😂

Baba Kulwa: Inategemea unataka nini. Ukitaka meza yenye kitambaa, vyoo safi vya watoto na mwonekano wa ziwa, nenda hoteli za Capri Point au zile za Ilemela upande wa uwanja wa ndege. Utalipia upepo na mandhari pia. Ukitaka samaki mwenyewe, asubuhi nenda Kirumba kwa mama lishe wa pale mwaloni. Kati ya hapo kuna vibanda vya Luchelele, karibu na sisi, unakula umekaa kwenye mwamba.

Rehema: Kirumba uende saa nne, si saa saba. Saa saba chakula cha wachuuzi kimeshakwisha, unakuta mchuzi na masufuria. Na ukienda, usile sato. Agiza supu ya kichwa cha sangara.

Neema: Kichwa?! Mama mkwe?

Rehema: Kichwa ndiyo chenyewe. Viwanda vinachukua minofu, vichwa na mapanki (mifupa iliyotolewa minofu) vinabaki kwetu, na utamu uko kwenye shavu na nyuma ya jicho. Kichwa kipasuliwe mara mbili, matamvua yote yatolewe, hapo ndipo wavivu wanaharibu: yakibaki, supu inakuwa nyeusi na chungu. Maji yafunike kichwa tu, chumvi, tangawizi, yachemke taratibu nusu saa. Nyanya, kitunguu na hoho dakika kumi za mwisho. Hakuna mwiko, unatikisa sufuria kwa masikio yake. Supu nzuri inanata midomoni. Ikiwa nyepesi kama maji ya kunawia, wameongeza maji mara tatu.

Mzee Masanja: Ukikuta kipande cha bondo (kibofu cha hewa cha sangara) humo, piga magoti ushukuru. Mabondo siku hizi yanapanda ndege kabla hujaamka.

Mama Yunis: Wavae viatu vya kufunika, mwaloni chini kuna maji na magamba. Na wale korongo wakubwa msiwape chakula.

Neema: Kwa hiyo mpango: saa nne supu Kirumba kwa wanaotaka, mchana samaki Luchelele. Nimeelewa?

Baba Kulwa: Umeelewa. Bei elewana kabla. Pale bei ni ya samaki, kwa ukubwa wake, siyo ya sahani. Uliza kama ugali na kachumbari vimo ndani. Usinunue mmoja wa kilo mbili kwa kutamani, anaiva vibaya. Sato mzima nyama yake ni kama theluthi ya uzito, nyingine ni kichwa na mifupa. Kwa watu wazima sita chukua sita wa nusu kilo na kidogo.

Mama Yunis: Na ondokeni kabla ya jua kuzama, wadudu wa ziwani wakifuata taa watawaingia hadi kwenye soda. Mkichelewa, kaeni mbali na balbu.

Neema: Wabeja sana majirani. Kaka Doto, unamjua mtu wa Luchelele mwenye wavu wa samaki peke yake?

Doto: Namjua mama mmoja, hapiki nyama yoyote. Nimempigia sasa hivi. Anauliza: wangapi wa wavu, wangapi wa mafuta, ugali gani, saa ngapi?

Neema: Wavu wanne, mafuta wawili. Sangara kipande cha mgongo kimoja kwa watoto, kisiwe na pilipili. Dona kwa watano, muhogo kwa mmoja, baba mkwe anataka kuonja. Mboga ya shemeji sufuria ya peke yake bila karanga. Saa saba na nusu tuko mezani.

Doto: Anasema sawa, ila anataka nusu ya hela leo ili awahi mwaloni alfajiri.

Rehema: Mpe. Na mwambie ndimu alete mezani.

Baba Kulwa: 🙄