Baba anataka kumalizia dozi nyumbani Tabata Segerea. Ni salama?

Binti wa Segerea:
Wadau, shikamooni wakubwa. Baba ana miaka 74, kalazwa kwa nimonia. Homa imeshuka, ila sindano za seftriaksoni, ile antibiotiki, bado na oksijeni anawekewa. Wodini halali, chakula hagusi, na usiku anamwita marehemu shangazi. Nasikia Marekani wanamlaza mtu nyumbani kwake. Tukimpata nesi wa kuja Segerea, si itatosha?

Nesi Mstaafu Kimara:
Marahaba mwanangu, pole sana. Wazee wengi huchanganyikiwa wodini, na nyumbani akili hutulia, kwa hiyo wazo lako lina maana. Seftriaksoni nayo mara nyingi hupigwa mara moja kwa siku, nesi anaweza kuimudu. Tatizo ni yale masaa mengine yote.

Huko Marekani, hospitali ya Johns Hopkins walianza kujaribu kulaza watu nyumbani miaka ya 1990. Novemba 2020, Uviko ilipofurika hospitali, Medicare, bima ya serikali yao kwa wazee, wakakubali kulipia. Lakini kule mgonjwa bado ni wa hospitali: daktari anamwona kila siku, hata kwa video, wauguzi au wahudumu wa dharura wanafika angalau mara mbili, na akizidiwa lazima msaada umfikie ndani ya dakika 30. Sasa wewe piga hesabu ya foleni ya Tabata saa kumi na mbili jioni. Nesi na dripu peke yake ni nusu ya huduma, na nusu iliyobaki ndiyo inayookoa mtu usiku.

Fundi Umeme Buguruni:
Ile mashine ya kuchuja oksijeni inakula umeme muda wote. LUKU ijae, na mtungi wa akiba uwepo ndani kabla mzee hajafika. Na bima waulizeni mapema kama wanalipia nyumbani.

Binti wa Segerea:
Asanteni. Asubuhi walimtoa kwenye oksijeni kwa muda mfupi, kile kimashine cha kidoleni cha kupima oksijeni ya damu kikasoma asilimia 88.

Nesi Mstaafu Kimara:
Hapana, mama. Hiyo 88 iko chini. Huyo bado ni wa wodini, usimtoe. Mwombe sista wa zamu ndugu mmoja akae naye usiku, mtu anayemfahamu sura na sauti. Mpelekeeni miwani yake, na uji mwepesi anywe akiwa amekaa wima, siyo amelala. Daktari akipita kesho muulize maneno haya haya: bila oksijeni anasoma ngapi, na akizidiwa saa nane usiku tunampigia nani. Akikupa jina na namba, tuzungumze habari ya Segerea.