Patreon, Ko-fi ama till tu? Nataka mashabiki wanichangie kila mwezi

Nyuzi_Nane · Jumanne, saa 3:12 usiku
Wadau, habari za jioni. Mimi ni msanii huru, sina lebo wala meneja. Mashabiki huniuliza kila mara, "Tukusapoti vipi?" na mimi nabaki nikicheka tu. Sasa nataka njia ya watu kunichangia kila mwezi, si mtu anatuma soo mbili (shilingi 200) leo halafu kimya mwaka mzima. Nimeangalia Patreon na Ko-fi, zile tovuti za mashabiki kumchangia msanii, na kuna jirani ananiambia nichukue till, ile namba ya biashara ya M-Pesa, nimalize maneno. Ijumaa nina shoo na nataka kutangaza nikiwa jukwaani. Ipi bora?

Fundi_Mixa · saa 3:20
Bora kwa nani? Unaimba, unachora, unachekesha? Mashabiki ni wangapi? Wako Donholm hapa Nairobi ama wako Dallas? Umeuliza kama mtu anayesimama stage ya matatu akisema "gari gani ni zuri" bila kutaja anakoenda.

Mama_Kanga_Mbili · saa 3:31
Patreon. Iko tangu 2013, na mmoja wa walioianzisha, Jack Conte, ni mwanamuziki mwenyewe, kwa hivyo anajua njaa ya msanii. Mtu anaweka kadi mara moja na anasahau. Uzuri uko hapo kwa kusahau.

Hesabu_Kwanza · saa 3:44
Mama Kanga, anayesahau ni mwenye kadi. Ukurasa mpya wa Patreon ulioanzishwa baada ya Agosti 2025 unakatwa asilimia 10. Juu yake kuna makato ya kadi, na hayo yana kiasi kisichobadilika, kwa hivyo mchango wa dola 3 unaumia kuliko wa dola 20. Kisha uitoe kwa PayPal ama Payoneer, hizo huduma za kupokea pesa mtandaoni. Ukiipitisha PayPal kwenda M-Pesa, dola yako inabadilishwa kwa bei ya chini kuliko ya benki. Fanya hesabu kabla ya kupanda jukwaani.

Na Fundi amekuuliza maswali ya maana, hujajibu hata moja.

Nyuzi_Nane · saa 4:05
Pole, nilikuwa natoa sufuria motoni. Naimba na kupiga nyatiti, ile ala ya Waluo ya nyuzi nane, naichanganya na besi. Kundi letu la WhatsApp lina watu 84. Wengi wako hapa hapa, Umoja, Kayole, Rongai. Kama 15 hivi wako nje, Minnesota, Doha, na mmoja Leeds ambaye huuliza kuhusu fulana kila wiki.

Hesabu_Kwanza · saa 4:13
Sasa tunaongea. Hao 69 wa hapa usiwapeleke Patreon. Mtu wa Kayole hafikirii kwa dola, na kumwambia aandike namba ya kadi mtandaoni ni kumfukuza. Chukua till. Anayelipa kwa till hakatwi kitu, tofauti na Pochi la Biashara, ile ya M-Pesa ya wafanyabiashara wadogo, ambapo anayetuma ndiye anabeba gharama. Halafu waambie wanaopenda waweke M-Pesa Ratiba, ile ya kupanga malipo yajirudie yenyewe, ilikuja Oktoba 2024. Anachagua kiasi na siku, basi.

Wa nje, Ko-fi kwa PayPal. Kwenye akaunti ya bure wanakata asilimia 5 ya uanachama, yaani michango ya kila mwezi. Buy Me a Coffee, tovuti nyingine ya michango, malipo yake yanapitia kampuni ya Stripe, kwa hivyo angalia kwanza kama yanafika Kenya.

Kinanda_Kimechoka · saa 4:20
Hakuna aliyetaja Bandcamp, lile duka la muziki mtandaoni? Kweli?

Fundi_Mixa · saa 4:21
Nilikuwa nahesabu dakika.

Kinanda_Kimechoka · saa 4:29
Cheka, lakini pale mtu ananunua *kitu*. Kuna hata usajili wa kila mwaka ama kila mwezi kwa msanii mmoja. Wanakata asilimia 15 kwa muziki wa kidijitali na 10 kwa fulana na vitu vingine. Tangu Machi 2020 kuna zile Ijumaa ambazo wanaacha fungu lao, mauzo yote ya siku hiyo yanakwenda kwa msanii ukitoa tu gharama za malipo. Yule mtu wa Leeds na fulana yake umemaliza kazi.

Brashi_na_Maji · saa 4:58
Ngoja niwaambie yangu kabla hamjampoteza kijana wa watu.

Mimi ni mchoraji. 2022 nilipata watu 30 waliokubali kunitumia 300 kila tarehe 1, na mmoja, mzee wa heshima, akasema yeye atatoa 3,000. Jumla 12,000, nalipa kodi ya chumba changu na za rangi zinabaki. Kwa furaha nikaahidi kila mtu picha ndogo kila mwezi, ukubwa wa bahasha. Hakuna aliyeniomba. Mdomo wangu tu.

Mwezi wa kwanza raha. Mwezi wa pili niko saa 8 usiku nakata karatasi kwa kisu cha mkate. Za Nairobi nilikuwa nazibeba mwenyewe hadi stage za town ndani ya mfuko wa unga. Ya Eldoret nilituma kwa shuttle kwa 200, na mwenyewe amenitumia 300. Pesa zilikuwa zinaingia kwa laini yangu ya kawaida, na laini hiyo ilikuwa na mkopo wa simu. Tarehe 1 asubuhi simu inalia, "umepokea 300", nafungua salio, sufuri. Inalia tena, sufuri. Nimeamka nikiwa na wafadhili 31 na sina nauli.

Sasa yule mzee. Desemba akapiga, akasema anakuja na picha ya marehemu mamake, anataka ichorwe ukubwa wa ukuta wa sebule kabla ya Krismasi. Nikamuuliza bajeti. Akanyamaza, akasema, "Si mimi nakulipa mshahara?" Nilichora. Siku kumi na moja. Wale wengine 30 hawakupata kitu mwezi huo, na saba wakaacha kutuma. Mwezi wa saba nilikuwa nazima simu tarehe 1. Siku moja soko la Gikomba nikamwona dada mmoja kati yao anakuja upande wangu, nikaingia katikati ya mapazia ya mitumba nikasimama humo hadi muuzaji akaniuliza kama nanunua ama nahamia.

Dada mwenyewe alikuja kuniambia baadaye kwamba hakuwahi hata kufungua zile bahasha. Alikuwa ananisaidia tu.

Bwana_Stima · saa 5:10
Ndiyo maana nasema hii ni ombaomba na intaneti. Zamani msanii alirekodi, kaseti ikauzwa River Road, akala jasho lake.

Mama_Kanga_Mbili · saa 5:14
Alikula nani? Muulize mwanamuziki yeyote wa enzi hizo kama ni yeye aliyejenga ama ni mwenye duka. Na wewe Bwana Stima harambee hutoi?

Bwana_Stima · saa 5:16
Harambee ni ya ugonjwa na karo.

Mama_Kanga_Mbili · saa 5:17
Na harusi. Na matanga. Na kampeni.

Upepo_wa_Kusi · saa 5:25
Nipo Nairobi lakini mimi mtu wa Mombasa. Kwetu kwenye taarabu mtu huinuka kitini, akajongea taratibu kwa madaha, akamtunza mwimbaji kwa pesa mbele ya watu wote. Hakuna anayeita kuomba. Ila hutunzwi kabla hujaimba, na anayetunza hutaka aonekane. Hiyo till ya Hesabu haimuonyeshi mtu.

Nyar_Ugenya · saa 5:33
Asante Upepo. Nyuzi Nane, unapiga nyatiti halafu unauliza watu wa mixa jinsi ya kulipwa? Pakruok je? Mtu anatoa pesa, mpigaji anasimamisha wimbo, mwenye pesa anajisifu, anamsifu mamake, shemeji zake na ng'ombe wao, ndipo nyuzi zinaendelea. Watu walilipa ili *wakukatize*. Rekodi sauti moja kila mwezi, dakika kumi, uwataje waliotoa kwa majina yao ya sifa. Usiahidi bahasha.

Nyuzi_Nane · saa 5:41
Huyo wa Doha hujiita "Simba asiyekula majani". Angelipa kesho.

Fundi_Mixa · saa 5:45
Na akitoa 50 na mwingine 5,000, wote wanatajwa sawa?

Nyar_Ugenya · saa 5:47
Hapana. Tangu lini?

Hesabu_Kwanza · saa 5:52
Hilo swali ndilo lilimmaliza Brashi, msilipite haraka. Pia kumbukeni Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla pesa haijakufikia, ya asilimia 5 kwa mapato ya maudhui ya kidijitali, na uanachama umo.

Bwana_Stima · saa 5:54
KRA, wakusanya kodi, nao watajisifu kwenye rekodi?

Upepo_wa_Kusi · Jumatano, saa 1:08 asubuhi
Swali la pembeni. Hizo nyuzi nane mnatumia nini siku hizi, mshipa wa mnyama ama uzi wa nailoni wa kuvulia?

Nyuzi_Nane · saa 1:30
Wa kuvulia. Ule mnene unakata vidole, mwembamba unalegea kukiwa na joto. Kuna duka Kisumu nilikuwa nanunua, hapa Nairobi bado natafuta.

Kinanda_Kimechoka · saa 1:41
Nina rola nzima nyumbani, nilinunua nikidhani nitavua Naivasha. Njoo inbox.

Mama_Kanga_Mbili · Jumamosi, saa 4:02 asubuhi
Shoo ilikuwaje? Ulitangaza nini?

Nyuzi_Nane · saa 5:15
Sikutangaza. Kipaza sauti kilikufa wimbo wa tatu, nikamalizia bila umeme. Watu wanne wakatuma wenyewe kwa namba yangu, mmoja 1,000 kabisa, na akasimama kujisifu hadi mwenye baa akamshika mkono. Till sijachukua bado. Ko-fi nimefungua lakini sijaweka picha.

Brashi_na_Maji · saa 5:19
Namba yako gani? Laini ya kawaida?

Nyuzi_Nane · saa 5:20
Ndiyo.

Brashi_na_Maji · saa 5:20
Ina mkopo?

Nyuzi_Nane · saa 5:34
Ilikuwa nao.

Kinanda_Kimechoka · saa 5:40
Huo uzi bado unautaka ama nimpe Upepo?